Sura ya pili ilitaja ghala la mahindi

Ndugu Mhariri,

Kwa wiki tisa nimeifuata hadithi yenu ya Jumapili, ile ya vifo vya ajabu katika mji mdogo enzi za Mjerumani, na sura ya mwisho imeniachia uchungu. Watu kumi na wawili wamezikwa, askari wamehangaika, kisha tunaambiwa muuaji ni bibi kizee mjane mwenye macho mekundu: amewaroga. Tamati.

Nimekuwa bwana afya kwa miaka mingi. Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa macho hayohayo mekundu, na kilichoyafanya mekundu ni moshi wa jikoni. Hadithi iwe ya mwaka 1905, wanaoisoma ni watu wa leo.

Nasikitika zaidi kwa kuwa mwandishi huyu anaijua kazi yake. Sura ya pili alitaja ghala la mahindi yaliyonyeshewa kabla hayajakauka. Sura ya nne marehemu wa kwanza aligeuka manjano macho, tumbo likajaa maji. Nikamwambia mke wangu, huyu anatupeleka kwenye sumukuvu! Ni sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizoanikwa vizuri. Ugali hata uive vipi, sumu haiishi, na huharibu ini. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani huko Kenya, waliugua watu 317, wakafa 125. Kwetu ilizuka mwaka 2016, Dodoma na Manyara. Wanaokula chungu kimoja huugua pamoja, na nyumba ikiondokewa na watatu kwa wiki moja, nani asingedhani wamerogwa?

Atatokea wa kuniuliza, enzi za Mjerumani nani aliijua sumukuvu? Hakuna. Wataalamu waliitambua baada ya mwaka 1960, batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa Uingereza na lawama ikaangukia mashudu ya karanga waliyolishwa. Lakini huo ndio utamu wa hadithi ya upelelezi wa zamani! Mpelelezi hana maabara wala jina la ugonjwa. Ana miguu yake na maswali. Nani alikula kwa nani? Mbona karani anayekula wali hakuugua? Mbona mbwa wa nyumba ya tatu alitangulia kufa kabla ya mwenye nyumba? Asipoijua sumu yenyewe, ghala atalifikia tu, na msomaji atafika naye.

Kama nafasi ipo gazetini, namwomba mwandishi atuandikie sura ya kumi. Yule bibi tumemwacha amefungwa kamba kwenye mwembe, watu wamemzunguka. Mpelelezi arudi kabla jua halijazama, alifungue lile ghala la sura ya pili, achote mahindi kiganjani, ayanuse.

Msomaji wenu,
Bwana afya mstaafu,
Dodoma