Joho lako naliomba

Mikindani, Mtwara
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa swahiba yangu Baharia,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mimi sijambo na wa nyumbani hawajambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo sasa limekuwa mtu wa familia na lina tabia zake. Nyinyi huko Lindi? Bi Mkubwa kikohozi kimemwachia? Najua zamu ya kuandika ilikuwa yangu tangu ule msiba wa Mtanda, na najua umenuna. Endelea kununa, ila soma mpaka mwisho, nina shida.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kusemwa kwenye simu na Mama Zuhura yuko chumba cha pili. Yule anasikia mpaka herufi kubwa. Barua atakuletea kijana wa Salum. Mpe maji, maana atakwambia hajanywa kitu tangu Mtwara mjini, na atakuwa anasema uongo.

Habari ni hii. Zuhura na mumewe wametualika mimi na mama yake kwenye meli ya kitalii. Wazazi wa mumewe wanatimiza miaka 40 ya ndoa, wakaona badala ya karamu wafanye safari: siku saba, kutoka Southampton mpaka Norway na kurudi. Wametulipia wao. Viza nimeshaipigia alama za vidole Dar, tunangoja majibu. Safari yenyewe mwezi wa sita. Mwezi wa sita, Baharia! Mikorosho inalia salfa, mwenye shamba yuko Norway anatazama milima. Mdogo wangu kasema atanipulizia, na mimi najua atapuliza ya kwake kwanza.

Meli inaitwa Queen Mary 2. Mimi meli nilizozizoea ni zile zinazokuja hapa bandarini kubeba korosho. Hii ina urefu wa mita 345. Nilimwambia Mama Zuhura, chukua Daraja la Mkapa pale Rufiji, likate vipande vitatu, meli inazidi kipande kimoja. Akauliza nani atalikata daraja. Basi tukaishia hapo.

Sasa shida. Katika siku hizo saba, jioni mbili ni za mavazi rasmi. Zuhura kanitumia masharti. Kuanzia saa kumi na mbili jioni, mwanamume anayetaka kula kwenye ukumbi mkubwa avae taksido, au suti ya rangi nzito na tai, au vazi rasmi la taifa lake, au sare ya jeshi. Sare yangu ya JKT Mama Zuhura alishaifanya dekio zamani. Asiyetaka mambo hayo anakwenda zake kula bufee, hakuna anayemfukuza. Mimi ningekwenda bufee na moyo mweupe kabisa. Lakini mwenzangu gauni limeshashonwa, lina mikono ya kupepea, na ameniambia hakulishona kwa ajili ya bufee.

Wewe taksido umezipiga pasi ukiwa dobi huko melini, mimi nimezisoma kama nilivyokuwa nasoma mtaala mpya. Koti jeusi, kola zimefunikwa satini. Suruali ina utepe wa satini ubavuni mwa mguu, na haina vitanzi vya mkanda, maana mkanda haufungwi. Shati jeupe lenye mikunjo kifuani. Tai ya kipepeo. Kiunoni unazungusha mshipi mpana wa kitambaa, mikunjo yake iangalie juu. Ikiangalia chini, anayejua anajua kwamba wewe hujui. Jina lenyewe ni la Wamarekani, limetoka mahali panapoitwa Tuxedo Park, huko New York, miaka ya 1880. Waingereza wao wanasema koti la chakula cha usiku. Koti la kulia! Sisi ugali na kisamvu vikifika tunavua shati, wenzetu ndiyo kwanza wanavaa koti.

Nikaenda kwa fundi pale Majengo, yule aliyemshonea Salum. Nikampa picha kwenye simu. Akaivuta kwa vidole viwili mpaka kola ikajaa kioo kizima, akaisogeza juani, akarudisha kivulini, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hii kola imemwagikiwa mafuta?" Nikamwambia ni satini. Akaingia ndani akatoka na kipande: "Ninayo hii imebaki kwenye harusi ya juzi." Ya zambarau. Halafu akanipima tumbo, akaandika namba, akaitazama, akanitazama, akapima tena. Ufundi tu shilingi 90,000, kitambaa changu, na bado hakuwa na hakika na kola.

Nikasema ngoja nijaribu bila fundi. Nina lile koti jeusi walilonipa walimu siku ya kuagwa. Nikaazima tai ya kipepeo kwa mtoto wa jirani anayefanya kazi ya u-MC. Nikavaa, nikasimama mbele ya kioo cha kabati. Mama Zuhura alicheka mpaka akakaa kitandani. "MC, tangaza basi, chakula tayari." Hilo halikunisumbua, yule ananicheka tangu 1983. Lililonisumbua ni mjukuu. Kaingia mbio, kaniona, kasimama, kasema: "Naomba soda."

Mtoto hana kosa. Mara ya mwisho kuona mtu mzima kavaa hivyo ni kwenye ukumbi wa harusi, na mtu yule alikuwa anagawa soda. Lakini mimi usiku ule sikulala, Baharia. Nilikuwa nauona ule ukumbi wa melini, mimi na koti langu jeusi na kipepeo shingoni, nimesimama mlangoni namngoja mke wangu atoke msalani, na mama mmoja wa Kizungu anapita ananipa glasi yake tupu. Na kinachoniuma si yeye kunipa. Kinachoniuma ni kwamba najijua: nitaipokea, na nitasema asante.

Ulikwisha kuniambia wewe, siku ile tuko Ligula tunangoja gari, kwamba melini hakuna anayekutazama uso, wanatazama koti. Wakati ule nilidhani unajisifu shida zako.

Nikamwambia Zuhura, kwa kuzungukazunguka, sikumtajia glasi. Akanirudishia sauti: "Baba, si uvae kanzu tu! Watapenda sana, watapiga picha na wewe." Mtoto wangu ananipenda, najua. Lakini watapiga picha na mimi! Hapa Mikindani nimewaona watalii wanavyopiga picha milango ya nakshi. Wanainama, wanaugusa, wanasema maneno mazuri. Hodi hawapigi.

Basi nikawa hapo: nivae koti nipewe glasi, au nivae kanzu niwe mlango. Nikafikiria Kaunda suti, ninayo ya kijivu, imekaa vizuri. Lakini masharti yanasema vazi la taifa, na ile nguo ina jina la Mzambia. Nikiulizwa nitaanza kufundisha historia chakula kinapoa. Na vazi la taifa lenyewe tumelijadili nchi hii miaka nenda miaka rudi, wewe umeliona? Halafu kanzu nayo ninaswalia. Kukaa nayo meza yenye mvinyo... hilo nimeliacha kwanza, nitakuwa na kanzu ya pili, ya Ijumaa inabaki Mikindani.

Tena usiniambie suti na tai ya kawaida imeruhusiwa. Najua imeruhusiwa. Ndiyo nitakayovaa jioni moja kati ya zile mbili, nimeshaamua, fundi anipunguzie mabega tu, na tai ndefu, kipepeo nimerudisha kwa mwenyewe. Ninayosumbuka nayo ni jioni ya pili.

Sasa sikia lililotokea juzi. Yule mzee, baba yake mkwe wangu, alipiga simu ya picha. Ni Mskoti. Zuhura alikuwa anatafsiri, na penye utani alikuwa anaruka, nilimwona usoni. Mzee akainuka akatuonyesha nguo atakayovaa yeye jioni zote mbili: ile sketi yao ya miraba, ya sufu, imekunjwa nyuma mikunjo mingi kama pazia, mbele kuna kimfuko cha ngozi kinaning'inia, na soksi mpaka magotini. Kwa kawaida kwenye soksi wanachomeka kisu kidogo. Kisu! Nikamwambia sisi huku jambia tunalivaa kiunoni mbele za watu, hatulifichi kwenye soksi. Alicheka huyo mpaka akakohoa. Meli haitaturuhusu vyuma vyetu, nadhani, lakini tulielewana.

Akaniuliza, na wewe utavaa nini? Hakuuliza kama mtu anayetaka picha. Aliuliza kama mtu aliyechoka kuwa peke yake na sketi kwenye kila karamu, anatafuta mwenzake wa kukaa naye.

Toka hapo nimebadilika kidogo. Na kuna jambo jingine nililipata kwa yule mwalimu mstaafu wa Kihindi tuliyekuwa naye Chikongola, unamkumbuka. Ule mshipi wa taksido wenye mikunjo Waingereza wanauita kamabandi. Jina si la kwao, wamelitoa India. Ni kamarband, Kiajemi hicho, kamar ni kiuno, band ni kufunga. Waliwaona watu wamejifunga kitambaa kiunoni kule, wakapenda, wakajifunga nao. Kwa hiyo wote watakaokaa ukumbini wamefunga mahazamu, Baharia, kama ule mshipi wetu wa kitambaa wa kuchomekea jambia, ila mahazamu yao yamekaa ndani ya koti! Nimecheka peke yangu barazani mpaka jirani akauliza kulikoni.

Tena Zuhura anasema jioni moja kati ya zile rasmi inaweza kupewa jina la Nyeusi na Nyeupe, watu wote wavae rangi hizo mbili. Nikafikiri: kanzu nyeupe, joho jeusi. Mimi nitakuwa nimeshavaa kabla hawajatangaza.

Ndiyo tumefika kwenye shida yenyewe. Joho sina. Nataka lile lako, la marehemu mzee, jeusi lenye uzi wa dhahabu ukingoni. Najua ni la mzee. Najua ulimnyima hata mwanao alipooa, ukampa la kukodi, na kelele zake nilizisikia mpaka huku. Lakini nakuomba. Mikindani wakiniona kwenye picha watasema mwalimu kajifanya sultani, na wewe utakuwa wa kwanza kusema, hayo yote nimeyakubali. Nikipewa glasi nimevaa joho la mzee wako sitaipokea, hilo nakuahidi. Kofia ninayo, ile ya mkono, Bi Somoe ameimaliza mwezi uliopita baada ya kunizungusha mwaka na nusu.

Ila nina maswali, na wewe ndiye uliyeishi kwenye meli. Miguuni nivae nini? Zuhura anasema viatu vya wazi havifai jioni, sasa kanzu na viatu vya kamba utaviweka wapi, si nitafanana na karani wa kodi aliyeamshwa usiku? Makubadhi mapya, ya ngozi nyeusi, watayaona kuwa ndala? Chini ya kanzu nivae suruali, maana Norway kuna baridi hata mwezi wa sita, au ukumbini joto ni lile lile la kila mahali? Mikono ya joho inaingia kwenye supu au kuna namna ya kuishika? Wewe ulipokuwa unahudumu ile miezi mitatu kabla ya kupelekwa udobi, wahudumu walivaa koti la rangi gani, jeusi au jeupe? Hilo nijibu kweli, usinifurahishe. Na uliwahi kumwona mtu mweusi amekaa mezani, mgeni, amevaa cha kwao? Wenzake walimfanyaje? Wewe ulimfanyaje?

Ukikubali, lifunge kwenye shuka, si mfuko wa plastiki, umpe kondakta wa basi la asubuhi, nitalipokea stendi mwenyewe. Ukikataa, nijibu upesi nimwendee fundi na kipande chake cha zambarau. Uzi wa ukingoni uliachia mahali pale begani, nakumbuka. Bi Somoe ataushona bure.

Mama Zuhura hajui habari ya joho bado. Anajua suti tu. Ukipiga simu akapokea yeye, ongea salfa.

Wasalaam,
Mwalimu wako