Kidato cha kwanza na viazi vya chumvi

Rafiki yangu wa tangu chuo,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila mvua zimechelewa na mahindi yanasinyaa.

Unasema ukiingia darasani kufundisha Baiolojia, wanafunzi wa kidato cha kwanza wanakutazama tu. Hao watoto si wazito. Wengi wao wamesoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi nzima. Mizizi, mvuke, sumaku wanavijua. Januari wamefika sekondari, kila kitu kimegeuka Kiingereza, na yale majuma machache ya kuwaandaa hayatoshi kitu. Sera ya elimu ya Tanzania ya 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango ngazi zote, lakini karatasi ya mtihani wa kidato cha pili bado inawasubiri kwa Kiingereza. Kwa hiyo lugha zote mbili ni kazi yetu, hata kama ratiba inasema unafundisha Baiolojia tu.

Chukua osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kwenda upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Usianze na maana yake ubaoni, wataikariri na kuisahau kabla ya kengele. Nenda na viazi mviringo viwili, kisu, vikombe na chumvi. Kata vipande vyembamba vinavyolingana, vingine vitie kwenye maji matupu, vingine kwenye maji yenye chumvi nyingi. Kabla hujavitumbukiza, waache wabishane kwa Kiswahili: kipi kitalegea? Hapo ndipo utasikia sauti za wale unaodhani ni mabubu. Mkisubiri, uliza nani hukata kachumbari nyumbani, na kwa nini bakuli hujaa maji baada ya kutia chumvi. Ikiwezekana omba vipindi viwili mfululizo, maana kiazi hakina haraka.

Kipande cha chumvi kitakuwa teketeke, unaweza kukipinda; cha maji matupu kitakuwa kigumu. Kila mtoto akishike, akipime kwa rula, akichore. Sasa ndipo Kiingereza kiingie, kwa sentensi yenye mapengo: “Water moved from … to … because …”. Waseme wawili wawili kwanza, ndipo waandike. Anayeweza zaidi mwondolee mapengo. Anayehangaika mwekee maneno ya kuchagua pembeni. Mada ni ileile kwa wote. Na maneno ya maswali ya mtihani, “state”, “explain”, “distinguish”, yafundishe kama unavyofundisha sehemu za ua. Mtoto anaweza kuijua osmosisi barabara akakosa alama kwa sababu ametaja pale alipotakiwa kueleza.

Kuhusu ile semina iliyowataka mgawe darasa, hawa wa kuona, hawa wa kusikia, hawa wa kushika, mimi nisingejisumbua. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti za jambo hilo, wasipate ushahidi wa kutosha wa kumfundisha kila mtoto kwa mtindo “wake”. Tena kwa wanafunzi 80 ungegawa saa ngapi? Wote waone, wote washike, wote waseme. Tofauti zinazohitaji macho yako ni nyingine: yule anayekunja uso akisoma ubaoni, msogeze mbele na uandike kwa herufi kubwa; asiyesikia vizuri, usimweleze huku umegeukia ubao; anayeogopa kusema, pokea mchoro wake wenye majina kama jibu kamili.

Halafu kile kibao cha “Speak English” anachovishwa shingoni mtoto aliyesema Kiswahili, ukiwa na sauti kwenye kikao cha walimu, kipinge. Kinazalisha ukimya, basi. Mthibiti ubora akikukuta darasa linabishana kwa Kiswahili, mwonyeshe madaftari: Kiingereza kimo humo, na ni cha watoto wenyewe, si cha kunakili.

Nitumie azimio lako la kazi, ule mpango wa mada za kufundisha, la muhula ujao tuone mada gani nyingine zinafanyika bila maabara. Ya usafirishaji wa maji kwenye mimea ninayo tayari, inataka mchicha na wino mwekundu tu. Nisalimie Mama, na umwambie ule ukili nimeupata.

Wako,
Mwalimu mwenzio