Jike wa nyenje haulizi maswali mawili

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi sana. Natumai hujambo na shughuli zinakwenda. Mimi mzima, ila swali la mwisho katika barua yako limeninyima usingizi. Uliuliza: jike wa mdudu anajuaje kwanza kwamba dume huyu ni wa spishi yake, halafu anajuaje kwamba ni dume bora? Nimelala nalo, nimeamka nalo, na sasa naona kosa liko kwenye hilo "kwanza" na hilo "halafu".

Juzi usiku nilichuchumaa na tochi niliyoizungushia karatasi nyekundu, nikimtazama jike mmoja wa nyenje. Utamjua kwa mrija wa kutagia uliochomoza nyuma kama sindano. Dume alikuwa kajificha mahali, analia kwa kusuguanisha mbawa zake. Jike akaenda hatua chache, akasimama. Akageuka kidogo kushoto, akaenda tena, akasimama. Kila aliposimama, miguu ya mbele ilitulia tuli, na masikio yake yako hapo hapo, chini kidogo ya magoti ya miguu hiyo. Anasikia kwa miguu anayotembelea, Zuhura! Dume aliponyamaza, naye aliduwaa. Dume alipoanza tena, safari ikaendelea.

Mwaka 1913 mtafiti wa wadudu Johann Regen alimweka dume alie kwenye simu, na jike akamweka upande wa pili wa waya. Harufu haikuwepo, umbo halikuwepo. Jike akakiendea kipokezi cha simu. Nalipenda jaribio hilo kuliko mengi yaliyokuja baadaye kwa mashine za kisasa, kwa sababu linaonyesha wazi kabisa kwamba mlio peke yake unatosha kumwita.

Kilichomo ndani ya mlio huo zaidi ya yote ni kasi ya mapigo. Kule Hawaii kuna nyenje wa jenasi (yaani kundi la spishi ndugu) ya Laupala, spishi 38, wanaofanana mno kwa macho, lakini kila spishi ina mwendo wake wa kupiga. Nzi wa matunda nao ni vivyo hivyo. Dume hunyoosha ubawa mmoja na kuutetemesha karibu na jike. Kwa Drosophila melanogaster nafasi kati ya pigo na pigo ni kama milisekunde 35, na kwa ndugu yake, Drosophila simulans, ni karibu 50. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko muda wa kupepesa jicho, lakini jike anaihisi.

Sasa njoo kwenye swali lako. Kuna kimulimuli aitwaye Photinus consimilis. Madume huruka wakimulika kwa mpangilio wao, na majike waliotulia chini huwajibu. Watafiti walipowamulikia majike hao taa za bandia, waliwajibu zaidi wale "madume" waliomulika kwa kasi zaidi. Unaona? Kasi ya kumulika inayomtambulisha dume ndiyo hiyo hiyo inayompendekeza. Jike hana mizani mbili. Ana moja tu: dume akiwa mbali na kipimo chake, kwake ni mgeni, akisogea karibu, ni mwenzake, akigonga pale penyewe, anapendwa. Mahali "si wa kwetu" inapokwisha na "si mzuri sana" inapoanzia, mimi sioni mpaka.

Na hasara ya kukosea ni yake zaidi. Mayai yake yana hesabu, na akiyatoa kwa dume wa spishi nyingine mara nyingi huzaa watoto dhaifu au tasa, au asizae kabisa. Watu husema mchagua jembe si mkulima. Huyu asipochagua jembe ndiyo havuni.

Lakini lililonikamata hasa ni la machotara. Ronald Hoy na wenzake, katika miaka ya 1970, walizalisha machotara wa spishi mbili za nyenje wa jenasi ya Teleogryllus. Madume chotara waliimba wimbo ambao haukuwa wa baba wala wa mama. Ungedhani majike chotara wangechanganyikiwa, au wangeelemea upande mmoja wa wazazi. Sivyo. Walivutwa zaidi na wimbo wa madume chotara, ndugu zao. Dada ambaye hajawahi kuimba maishani mwake, kwa kuwa majike wa nyenje hawaimbi, alizaliwa na sikio linalolingana na koo la kaka yake, kama naweza kuziita mbawa zake koo. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliweka kitabu chini, nikatoka nje kusikiliza.

Wapo wanaosema jeni zile zile zinaunda wimbo na sikio pamoja. Wengine wanaona ni jeni tofauti zilizosafiri pamoja kizazi baada ya kizazi. Mimi naelekea kwa hao wa pili, ila tutabishana tukionana.

Jambo moja tena, maana kalamu haitaki kutua. Nyenje hana joto lake mwenyewe. Hewa ikipoa, dume hupiga polepole, na ungetegemea jike ampoteze, amdhanie wa spishi nyingine. Mwaka 1957 Thomas Walker alionyesha kwa nyenje wa mitini kwamba hilo halitokei: jike aliyepoa hutaka wimbo uliopoa. Sikio lake nalo hupunguza mwendo.

Nakuandikia dirisha likiwa wazi. Tangu nianze barua hii baridi imeingia, na yule dume wa nje amepunguza kasi. Sasa naweza karibu kuhesabu mapigo yake. Nikifunga bahasha nitachukua tochi nikatazame kama yule jike bado anakuja.

Wako akupendaye,
Mwanaidi