Kabla Sijaipiga Kiki Pikipiki ya Mzee

Manyatta, Kisumu
Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote, wewe, Shemeji na watoto. Sisi huku tu wazima, ila mvua imetunyeshea wiki nzima, na Mama angali anauliza utakuja lini. Ningekupigia simu, lakini jambo hili lina vipengele vingi na nataka ulisome polepole, ikiwezekana mara mbili, kabla hujanijibu.

Linahusu pikipiki ya Mzee. Alhamisi alasiri zilibaki dakika chache tu niipige kiki. Nilikuwa nimeosha kabureta, nimetia plagi mpya, nimemimina lita mbili za petroli tupu tangini na kukijaza kile kijitangi cha oili, nikiamini kwamba pampu yake ingeivuta oili hiyo na kuipeleka injinini ikutane na petroli. Sijui ni nini kilichonifanya niinamishe kurunzi niutazame mpira wa oili. Nikakuta umekatwa, na ncha yake imezibwa kwa skrubu na kukazwa kwa waya, kazi ya zamani ambayo vumbi limeigandia. Pampu ile haijapokea hata tone kwa miaka.

Unajua kwamba Yamaha AG100 ni ya mipigo miwili. Boxer, ambayo ni ya mipigo minne, huweka oili yake chini ya injini na kuizungusha humo humo, lakini hii, kranki na pistoni yake hazilainishwi na kitu kingine isipokuwa oili inayoingia pamoja na petroli. Ningeiwasha vile, ingenguruma vizuri kwa muda mfupi, ikapata moto, kisha pistoni ingekwama ndani ya silinda na kuikwaruza. Pikipiki iliyotubeba sote wawili kwenye keria ya nyuma kutoka Ahero, mkoba wa dawa za mifugo ukiwa umefungwa kwenye keria ya mbele, ningeiua mimi, uani kwangu, baada ya wewe kuniamini nayo. Niliketi juu ya ndoo nikashindwa kuinuka kwa kitambo.

Ni haki yako kujua kwa nini nililikaribia kosa hilo. Nilikuwa na mashine nne zilizofunguliwa kwa wakati mmoja. Boxer ya yule kijana wa kona, ambayo klachi yake ilikuwa ikiteleza kila anapopanda mlima na mzigo, haikuweza kungoja, kwa sababu kodi ya nyumba yake hutoka humo. Tuktuk ya Shangazi huwaka vizuri asubuhi na kugoma ikishapata moto. Nashuku upenyo wa valvu umebana, hivi kwamba chuma kinapotanuka valvu hazifungi sawasawa, na kwa kuwa upenyo huo hupimwa injini ikiwa baridi, asubuhi zangu zote zimekwishachukuliwa. Pampu ya maji ya Mwalimu ina petroli ya msimu uliopita iliyoganda kwenye jeti, vile vitundu vidogo vya kabureta, na hiyo si kazi kubwa. Ugumu umo katika kuziacha zote nusu nusu, maana kila ninapongojea kipuri cha moja, naifungua nyingine. Bolti za spana namba 10 zimo karibu katika kila mashine, na kwa macho zinafanana, lakini urefu wake si mmoja, na bolti ndefu ikilazimishwa kwenye shimo fupi hupasua alumini. Siku hizi nachora kila kifuniko kwenye kadibodi na kuichomeka kila bolti mahali pake, na mikebe ya Kasuku nimeiandika majina. Bolti hazichanganyiki tena. Lakini Alhamisi ile mikono yangu ilikuwa kwenye pikipiki ya Mzee huku mazoea yakiwa ya Boxer, ambayo mtu huitia petroli tupu bila kufikiri.

Boxer niliifunga jana na kijana ameichukua. Tuktuk nitaimaliza Jumanne. Baada ya hapo sitafungua mashine nyingine yoyote, hata ya ndugu wa damu, mpaka hii ya Mzee itembee.

Narudi kwenye ule mpira. Mzee hakuwa mtu wa kukata kitu bila sababu. Huenda pampu iliharibika, naye akaamua kuchanganya oili mwenyewe tangini, jambo ambalo wengi hufanya na injini ikadumu. Ninaweza kufanya hivyo hivyo, mililita 20 kwa kila lita ya petroli kwa kipimo cha moja kwa hamsini, au mililita 40 kwa moja kwa ishirini na tano. Ninaweza pia kuirudisha pampu, kuitoa hewa, kisha kuitembeza injini kwa petroli iliyochanganywa hadi nione kwa macho yangu kwamba oili inafika. Mimi napendelea kuchanganya, kwa sababu ndivyo yeye alivyoiacha, lakini sitaki kuamua peke yangu.

Basi nisaidie kukumbuka. Je, uliwahi kumwona Mzee akipima oili kituoni kabla ya kujaza petroli, na alitumia kopo gani? Mama mkubwa bado anayo ile sanduku ya bati iliyokuwa chini ya kitanda? Je, alikuwa akiongeza oili ya gia mara kwa mara ingawa chini hapakuwa na tone lililovuja, na moshi ulikuwa mzito? Nauliza hivyo kwa sababu sili ya kranki upande wa klachi ikiisha, injini huinywa oili ya gia na kuichoma; na ile ya upande wa sumaku ikiisha, huvuta hewa, injini ikazunguka kwa kasi yenyewe na kuchemka. Mpira wa sili hizo uliokaa miaka hii yote lazima umekauka. Huko Nakuru unaweza kunitafutia sili zote mbili na gaskiti ya chini ya silinda? Nawe wataka nini hasa: itembee, au ikae tu sebuleni kwa Mama mkubwa aitazame?

Mpaka nipate jibu lako sitaigusa. Plagi nimeifungua, tundu lake nimeliziba kwa kitambaa safi, na plagi yenyewe iko juu ya kabati la jikoni, ili mtoto au mgeni asije akajaribu kuiwasha.

Ni mimi nduguyo,
wa Manyatta