Injini ya mwanafunzi isizimwe karibu na ardhi

Mhariri,

Nimefundisha urubani kwa miaka kumi na tisa, mingi yake nikirukia Uwanja wa Wilson, Nairobi. Naomba nafasi niseme jambo kuhusu zoezi ambalo kila anayesomea ndege ya injini mbili hulipitia. Mkufunzi anaifanya injini moja "ife", na mwanafunzi anatakiwa aimudu ndege kwa ile iliyobaki. Zoezi ni la lazima, siombi lifutwe. Ninachokipinga ni ule mtindo wa kulifanya kwa kushtukiza, magurudumu ndiyo kwanza yameacha lami, eti mwanafunzi akomae.

Mimi nilikomazwa hivyo. Mkufunzi wangu alificha mkono nyuma ya ramani, tulipofika kama futi mia tatu akafunga mafuta ya injini ya kushoto. Nilichelewa kukanyaga pedali. Pua ikapinda, kasi ikashuka, king'ora kikalia. Akarudisha mafuta, na injini ikachukua muda wake kabla ya kuitika. Tulipotua aliniuliza, "Umeona?" Nilichokiona ni mikono yake, ilitetemeka kuliko yangu.

Wengi hudhani injini moja ikifa umebaki na nusu ya ndege. Nguvu ni nusu kweli, lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo inakwisha katika kuishikilia ndege isishuke. Kinachoipandisha ni ile ziada tu. Ndiyo maana uwezo wa kupanda hupungua kwa asilimia 80 au zaidi. Sasa ongeza Wilson, ulio takriban futi 5,500 juu ya bahari. Piper Seminole, ndege ya shule inayojulikana duniani kote, ikiwa na uzito kamili na injini moja, dari yake ya kazi, yaani kimo ambacho juu yake haipandi tena ipasavyo, ni futi 3,800. Yaani kwetu imeshaipita dari yake ikiwa bado imeegeshwa. Mchana wa Februari, joto likifika nyuzi 27, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi zaidi ya 8,000. Mwenzangu anayefundisha Mombasa au Dar es Salaam ana nafuu. Mimi mbele yangu nina South C na Nairobi West, nyuma yangu Lang'ata na Kibera.

Kuna mtego mwingine, na huu hata wakufunzi wazoefu huusahau. Kwenye kipimo cha kasi kuna mstari mwekundu: ukishuka chini yake, usukani wa mkia hauwezi tena kuizuia injini nzima isiipinde ndege. Kwa injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, kasi hiyo hupungua kadiri unavyopanda. Ile ambayo mabawa hushindwa kubeba haipungui kwenye kipimo. Zinapokutana, mabawa yanaachia huku upande mmoja ukivutwa kwa nguvu, na ndege inapinduka na kuzunguka kama pia. Ukiwa futi mia tatu, hapo hakuna mazungumzo.

Asidhani mtu kwamba ni balaa la wanafunzi. Septemba 1995, usiku, huko Tamworth, Australia, ndege aina ya Metro III ilianguka baada ya kuruka katika zoezi kama hili na watu wawili wakafa. Machi 2010 ikawa Darwin, hukohuko Australia, ndege aina ya Embraer Brasilia, ndani yake marubani wawili tu, mmoja akimpima mwenzake. Hakupona hata mmoja. Mei 2017, karibu na Renmark, bado Australia, Cessna Conquest iliua watatu, mmoja wao ofisa wa mamlaka ya anga aliyepanda kuangalia upimaji unavyofanywa. Tamworth na Darwin mkono wa nguvu, ule unaoongeza na kupunguza nguvu ya injini, ulivutwa nyuma kabisa, badala ya kuachwa mahali ambapo propela haivuti wala haikokoti. Propela ikageuka breki. Zoezi likawa baya kuliko hitilafu liliyokuwa likiiga.

Najua jibu la wenye shule: saa moja ya injini mbili ni ghali, mwanafunzi analipa kwa jasho la wazazi, na injini halisi haimpigii mtu hodi. Sawa. Lakini mshtuko unaweza kuupata juu. Mimi huwapeleka nyanda za Kajiado, tukajifanya futi 9,500 ndiyo lami: magurudumu chini, kasi ya kurukia, nguvu zote, halafu navuta mkono wa injini moja. Mara nyingi ndege inashuka tu hata afanye kila kitu sawasawa, akiwa kwenye mstari wa buluu, yaani kasi inayopandisha vizuri zaidi kwa injini moja, bila kosa. Hilo ndilo somo, na analisoma akiwa na futi elfu nne za kukosea. Mwenye simuleta aitumie zaidi ya hapo.

Marekani, mwongozo wa wakufunzi unataka injini isizimwe kabisa chini ya futi 3,000 kutoka ardhini. Huko chini ni kupunguza throto tu, yaani ule mkono wa nguvu, mafuta hayaguswi. Ningependa mamlaka za usafiri wa anga za Kenya na Tanzania zihakikishe kila shule imeliandika hilo katika kitabu chake, pamoja na kasi ambayo mkufunzi akiiona anarudisha nguvu bila kumsubiri mwanafunzi. Kasi hiyo itamkwe kwa sauti kabla ya kuwasha injini, wote wawili waisikie.

Mimi nimejiwekea kali zaidi. Kabla ya kila safari humwambia mwanafunzi: chini ya futi elfu moja injini ikikata, usinitazame usoni. Si mimi. Imekufa kweli.

Mkufunzi wa urubani,
Nairobi