Majibu ya MRI ya kichwa tuelezwe kwa Kiswahili

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako.

Mama yangu ana miaka 71, presha anayo siku nyingi. Mwaka huu akaanza kuyumba akitembea, akigeuka kitandani anasema nyumba nzima inazunguka, bafuni kaanguka mara mbili, basi ndugu tukachangishana akapigwa MRI ya kichwa, ile picha ya mashine ya sumaku. Majibu tukapewa dirishani kwenye bahasha, Kiingereza kitupu, na daktari tumuone baada ya wiki tatu. Wiki tatu jamani! Mdogo wangu akaanza kutafuta neno mojamoja kwenye simu, akakuta ubongo umesinyaa, una madoa meupe, mama akasikia, usiku ule hakulala na asubuhi akatuita kutuusia habari za shamba.

Tulivyomuona daktari ilichukua kama dakika kumi tu. Akasema madoa yale wazee wengi wanayo hasa wenye presha, ni mishipa midogo ya damu imechoka, kwa hiyo dawa za presha asiziache, na kusinyaa kidogo kwa umri ule ni kawaida. Uvimbe hakuna, kiharusi hakuna. Halafu akamkalisha mama kitandani, akamgeuza kichwa pembeni, akamlaza harakaharaka huku anamwangalia macho, tukaona macho yanachezacheza yenyewe. Kumbe ni sikio la ndani, kuna vichembe kama vya chokaa vimehama mahali pake, na vichembe hivyo MRI haivionyeshi. Akamgeuza kichwa hatua kwa hatua palepale, wiki iliyofuata akarudia, kizunguzungu kikakata.

Sisemi watu wasipige picha, hapana. Mtu akiyumba ghafla na ulimi mzito, au anaona vitu viwiliviwili, au mkono umelegea, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Na hata mkiambiwa CT skani, ile picha ya mionzi, ni safi, muulizeni daktari tena, maana ubongo wa nyuma unaoshika balansi umezungukwa na mifupa minene na CT mara nyingi haioni vizuri kiharusi cha huko, MRI ndo inaona zaidi.

Ninachoomba Wizara ya Afya na hospitali zetu, chini ya kila ripoti ziandikwe hata sentensi tatu za Kiswahili, nini kimeonekana, kipi ni cha umri tu na kipi kinataka daktari haraka, na mgonjwa asikabidhiwe bahasha bila mtu wa kumueleza siku hiyohiyo.

Msomaji wako,
Morogoro