Mjomba ataka kukikata Kilimia miguu ya nyuma

Ndugu mshauri,

Asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, mkazi wa Likoni, mama wa watoto watatu. Naleta swali la gari, ingawa ukisoma mpaka chini utaona gari ni nusu yake tu.

Mwaka 2023 nilinunua Subaru Legacy ya 1999, lile steshenwagoni refu lenye buti la kumeza magunia, kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anastaafu. Laki mbili na kumi. Lilikuwa limelala chini ya mwembe mwaka na nusu, matairi yamekaa chini, na kuku wamekwishalifanya lao. Mume wangu aliliangalia akaniuliza kama nimenunua gari au banda. Mimi nilijua nilichokitaka. Mama yuko shambani nyuma ya Kwale, na njia ya kutoka lami hadi kwake huwa sabuni masika ikinyesha. Gari la kuvuta mbele tu hukwama mteremko wa pili, likasukumwa na watoto wa kijiji kwa hamsini hamsini. Nilitaka linalovuta kwa magurudumu yote manne, na pesa yangu ilifika kwenye la zamani.

Aliyelifufua ni mjomba wangu, ndugu wa mama, na kwetu Wadigo mjomba si mtu wa kutembelewa Idi kwa Idi. Ana miaka 71, na maisha yake yote alikuwa fundi wa malori. Gari lilipovutwa kwa kamba hadi uani kwake Mtongwe, aliisugua nembo ya mbele kwa kidole gumba, akahesabu nyota sita, akasema, "Si Kilimia hiki?" Nikadhani anatania. Kumbe aliwahi kuambiwa na baharia mmoja, na nilipotafuta nikakuta ni kweli: Subaru ni jina la Kijapani la nyota zile zile ambazo wazee wetu walizitazama kujua majira ya kulima. Tangu siku hiyo gari lina jina.

Tumelitengeneza mshahara kwa mshahara. Tulianza na taimingi belti na pampu ya maji, kwa sababu belti hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi na hakuna aliyejua ya hili ilifungwa lini. Halafu redieta, halafu breki. Plagi nilizibadilisha mimi. Silinda za injini hii zimelala ubavu, mbili kulia mbili kushoto, na plagi zimetazama kuta za boneti, kwa hiyo panataka mkono mwembamba. Mjomba alikaa kwenye kigoda akaniamuru, kaza, legeza, usilazimishe. Sijawahi kufundishwa vizuri hivyo chuoni.

Kutu ndiyo iliyotula mwaka mzima. Huku kwetu gari halihitaji kuingia baharini, chumvi hulifuata penyewe. Tulipokwangua matao ya magurudumu ya nyuma, ikadondoka bodifila ya kilo nzima, na nyuma yake tundu la kupitisha kikombe cha kahawa. Mjomba alikata bati, akalikunja juu ya goti, akachomelea. Ujira hataki kuusikia. Chakula cha mchana, kahawa, na nisimletee tangawizi ya unga.

Sasa tatizo. Mwezi wa nane mwaka jana matairi yalikuwa yamekwisha, nami nilikuwa na pesa ya mawili. Nikanunua mawili, yakafungwa mbele, nikaenda zangu. Hakuna aliyeniambia kitu, na mimi sikuuliza.

Miezi miwili baadaye niko kwenye feri. Askari wa feri ananielekeza nikate kona yote kulia nijipange nyuma ya pikapiki ya samaki. Nakata, na gari linaanza kuruka, gu, gu, gu, kama mtu ameshika breki ya mkono kisiri. Askari ananipigia mikono niharakishe, nyuma yangu matatu inapiga honi, na Kilimia kinatembea kama mbuzi anayepelekwa machinjioni. Kwenye barabara iliyonyooka hakina neno. Ni kona kali ya polepole tu, na kinazidi injini ikishika moto.

Nimesoma kadiri nilivyoweza. Kwenye mkia wa giaboksi ya otomatiki ya gari hili mna sahani za klachi zinazopeleka nguvu nyuma. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na sahani hizo zinatakiwa ziteleze kidogo kuwapatanisha. Zikikataa, mbele na nyuma hugombana. Na matairi yasiyolingana huwagombanisha hata barabarani penye kunyooka, siku nzima, mpaka sahani zichoke. Nilichukua futi ya fundi cherehani nikapima mzunguko. La mbele milimita 1,932, la nyuma 1,901. Tofauti inayovumilika ni kama milimita 6! Piga hesabu uone: kila kilomita moja, magurudumu ya nyuma yanazunguka mizunguko minane zaidi ya ya mbele. Mwalimu wa hisabati huyo.

Chini ya boneti kuna kijisanduku kimeandikwa FWD, yaani kuvuta kwa mbele tu. Ukichomeka fyuzi pale, nguvu ya nyuma hukatwa, nacho kimewekwa kwa ajili ya siku umefunga tairi la akiba lisilolingana na mengine. Nikachomeka, nikazunguka uwanja wa shule. Kuruka kulipungua, hakukuisha.

Hapo ndipo mafundi walipoachana njia, kila mmoja akiona fyuzi imemshuhudia yeye. Kijana mmoja wa Changamwe, mwenye kompyuta na adabu zake, anasema nianze na matairi mawili ya nyuma ya aina ile ile pamoja na kumwaga oili ya giaboksi, jumla kama elfu thelathini. Kikiendelea, afungue mkia, atazame sahani na vali ya umeme inayoziamuru, na hapo niandae elfu arubaini na tano nyingine au zaidi. Mjomba anasema upuuzi. Toa propela shafti, ule mhimili wa kupeleka nguvu nyuma, ziba tundu la giaboksi oili isimwagike, acha fyuzi mahali pake, Kilimia kivute kwa mbele kama magari mengine ya Mombasa. "Mji huu una mlima gani?" aliniuliza. Na petroli utapunguza, aliongeza. Mume wangu anaunga mkono, kwa kuwa ya mjomba ni bure.

Nimemweleza mjomba habari ya njia ya kwa mama. Njia hiyo anaijua kuliko mimi, amezaliwa huko. Akanyamaza, akasema nitaendesha taratibu.

Hapo nilishtuka, nikaanza kukumbuka mambo. Kwamba plagi nilifunga mimi. Kwamba siku hizi bolti ikidondoka haitafuti kwa macho, anapapasa. Kwamba akilala mkekani chini ya gari, mjukuu humwinua kwa kumshika makwapa. Propela shafti ina bolti nne nyuma kwenye difu na mbili katikati, ukishazitoa unaivuta inachomoka. Kazi hiyo anaweza kuifanya amefumba macho. Kufungua mkia wa giaboksi, na sahani zile nyembamba zenye mpangilio wake, ni kazi nyingine. Naogopa haniambii gari linahitaji nini. Ananiambia yeye bado anaweza nini.

Huenda nakosea. Lakini nikimpeleka Kilimia kwa yule kijana, mjomba ataona nimempokonya kazi mbele ya mtaa, baada ya miaka miwili aliyonifanyia bila senti. Nikimwachia, nitakuwa na Subaru isiyoweza kupanda kwa mama, na sijui nililinunua la nini.

Kwa hiyo naomba unijibu mambo haya. Mpangilio wa yule kijana, matairi na oili kwanza, una busara au ananitega nirudi? Fyuzi ikipunguza bila kumaliza, je, ni dalili ya sahani kuliwa tayari, au vali bado ina lawama? Na kwa aliyewahi kumkatalia mzee aliyemsaidia, ulianza na neno gani? Nimefikiria kumwomba mjomba twende wote Changamwe, akae kwenye kigoda amsimamie kijana kama alivyonisimamia mimi, lakini sijui kama ataiona heshima au ataiona pensheni.

Unijibu mapema ukiweza. Jana jioni alinituma mjukuu na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Ni kizibo cha tundu la giaboksi, cha chuma, kimechongeshwa kwa kipimo na kusuguliwa mpaka kinang'aa.

Mwalimu,
Likoni